Kati ya mpiga shabaha na bunduki yake, nani hukosa zaidi?

Mleta uzi

Ndugu wadau wa mchezo wa kulenga shabaha,

Kuna swali ambalo huzuka kila mara watu wawili wanaposimama mbele ya karatasi iliyojaa matundu yaliyotawanyika: kilichokosea ni mkono au ni chombo? Wapo wanaoapa kwamba bunduki nzuri humfanya mtu yeyote kuwa mlengaji, na wapo wanaodai kwamba stadi wa kweli atapiga katikati hata akipewa gobore. Nimebishana sana juu ya jambo hili, kwanza nikiwa upande mmoja kisha upande wa pili, na siku hizi naona kwamba pande zote mbili zinajibu swali lililoulizwa vibaya. Mtawanyiko wa risasi una vyanzo kadhaa, kila chanzo kina ukubwa unaoweza kupimwa, na chenye uzito zaidi ni kile kilicho kikubwa zaidi kwa mtu fulani, akiwa na silaha fulani, katika umbali fulani.

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo huchanganywa sana. Mtu akipiga risasi kumi zikaingia zote katika eneo la upana wa sarafu, lakini kushoto kwa kitovu, mara nyingi anachohitaji ni kusogeza kilengeo mibofyo michache tu, yaani hatua ndogo za skrubu yake. Akipiga risasi kumi zikaenea karatasi nzima, hata kama wastani wake uko katikati kabisa, hakuna mbofyo utakaomsaidia. Uzi huu unahusu huyu wa pili.

Kipimo kinachotumiwa sana ni dakika ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii, ambayo katika umbali wa mita 100 ni upana wa takribani milimita 29. Chukulia bunduki ambayo ikibanwa kwenye jiliwa, yaani kibanio cha mezani, hutawanya risasi kwa dakika 1, na mlengaji ambaye akisimama bila kuegemea chochote, yumbayumba lake mwenyewe hutawanya kwa dakika 4. Wengi watajumlisha na kusema jumla ni 5, lakini sivyo ilivyo. Makosa yasiyotegemeana hayajumlishwi hivyo, kwa sababu kuna nyakati bunduki inapeleka risasi kulia huku mkono ukiipeleka kushoto, na kuna nyakati yote mawili yanakwenda upande mmoja. Hesabu yake ni ile ya pembetatu mraba tuliyofundishwa darasani: 1 mara 1 ni 1, 4 mara 4 ni 16, jumla ni 17, na kipeuo chake cha pili ni takribani 4.12. Kwa maneno mengine, bunduki yenye kosa la dakika nzima imeongeza kwenye kosa la mtu huyu dakika 0.12 tu.

Sasa tumpe bunduki bora mara mbili, yenye mtawanyiko wa nusu dakika. Jumla inashuka kutoka 4.12 hadi 4.03, tofauti ambayo hataiona hata akiitafuta kwa kioo cha kukuzia. Tumwache na bunduki ile ile ya zamani lakini afanye mazoezi hadi kosa lake mwenyewe lifike dakika 2, nayo jumla inashuka hadi 2.24. Huyo amekaribia kuupunguza mtawanyiko wake kwa nusu, na bunduki yake haijaguswa hata skrubu.

Lakini hesabu hiyo hiyo hugeuka. Mchukue stadi ambaye kosa lake ni nusu dakika na umpe bunduki ya dakika 1: jumla yake ni 1.12. Akijikaza hadi akalipunguza kosa lake kwa nusu tena, kazi ambayo huenda ikamla miaka, atapata 1.03. Akibadilisha bunduki tu, akachukua ya nusu dakika, atapata 0.71. Kwa hiyo anayesema ustadi ndio kila kitu anasema kweli juu ya mtu wa kwanza, na anayesema chombo ndicho kila kitu anasema kweli juu ya mtu wa pili, nao wanaweza kubishana hadi kuche.

Mfano mzuri zaidi ni bunduki ya upepo ya mita 10, kwa sababu huko vipimo ni vya wazi. Duara la kumi lina kipenyo cha nusu milimita, wakati kidonge, yaani risasi ya bunduki hiyo, kina kipenyo cha milimita 4.5. Alama hutolewa kwa desimali hadi 10.9, na risasi 60 zikipigwa zote kwa ukamilifu hutoa 654. Walengaji wa kiwango cha dunia hupata zaidi ya 630, yaani wastani wa 10.5 kwa kila risasi, na ukipiga hesabu ya maduara hayo utaona kwamba kitovu cha kidonge kipo takribani milimita 1.25 kutoka katikati. Kwa mtu wa namna hiyo, vidonge vinavyotawanyika kwa milimita moja zaidi ni msiba. Kwa anayeanza na kupata wastani wa 8, ambaye kidonge chake huangukia karibu milimita 7.5 kutoka katikati, milimita hiyo humezwa ndani ya kosa lake na kupotea.

Jambo jingine ambalo wapya hawaelezwi vya kutosha ni aina ya kosa. Mkono wote ukisogea pamoja na bastola kwa milimita 5 kwenda kulia, vilengeo vikabaki vimelingana, risasi nayo itasogea milimita 5 tu, umbali uwe wowote. Lakini kilengeo cha mbele kikitoka mahali pake kwa milimita 1 tu kikilinganishwa na cha nyuma, na umbali kati ya vilengeo ni milimita 200, basi katika mita 25 risasi itakwenda pembeni kwa milimita 125. Duara la kumi la shabaha ya usahihi ya bastola ya mita 25 lina kipenyo cha milimita 50. Ndiyo maana walimu husisitiza kwamba mkono uachwe uyumbe unavyoyumba, lakini jicho lisiache kilengeo cha mbele; na ndiyo maana kidole kinachonyakua kifyatulio kwa pupa huharibu zaidi kuliko mkono unaotetemeka, kwa kuwa kidole hupindua bastola badala ya kuisogeza.

Nitatoa ushahidi mmoja dhidi yangu mwenyewe. Nilipokuwa najifunza, risasi zangu zilikuwa zinakwenda chini kushoto, nami kwa muda wa miezi miwili nilikuwa na hakika kwamba kilengeo cha nyuma kimelegea. Nilikikaza, nikakibadilisha, nikaomba ushauri kwa kila aliyenisikiliza. Mwalimu wangu hakubishana nami. Siku moja alinijazia bastola mwenyewe, akachanganya risasi bandia mbili katikati ya risasi halisi bila kuniambia zipo wapi. Nilipofika kwenye ya kwanza, bastola haikulia, lakini mtutu ulizama chini kama mtu anayesinzia. Nilikuwa najikunja kuusubiri mlipuko. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mimi nilikuwa nimelisingizia jua kwa miezi miwili.

Karibuni kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hesabu zako ni nzuri lakini naona zimezunguka mbali bila sababu. Mwaka 2024 katika Olimpiki ya Paris dunia nzima ilimwona Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwenye umri wa miaka 51, akisimama na fulana ya kawaida na miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, akaondoka na medali ya fedha. Pembeni yake walikuwapo watu wenye vioo maalumu, vizibo vya jicho na kofia za kila aina. Kama vifaa vingekuwa na maana, mzee yule asingefika fainali. Nadhani mjadala ulifungwa siku ile.

Mleta uzi

Nashukuru kwa mfano huo, maana nilitarajia utatajwa, na kwa kweli ni mfano unaopendwa kwa sababu isiyo sahihi.

Medali ile ilikuwa ya timu ya mchanganyiko, mwanamume na mwanamke, katika bastola ya upepo ya mita 10, aliyoipata pamoja na Şevval İlayda Tarhan, na Serbia ndiyo iliyochukua dhahabu. Dikeç hakutokea mtaani. Alikuwa ameshiriki Olimpiki tangu mwaka 2008. Kitu ambacho watu hawakukitazama, kwa kuwa walikuwa wakitazama mfuko wa suruali, ni bastola iliyokuwa mkononi mwake. Ile ilikuwa bastola ya mashindano ya hali ya juu, yenye kifyatulio kinachorekebishwa na mpini wa aina inayochongwa kufuata kiganja. Aliyeachana navyo ni vifaa vya jicho, na hivyo kazi yake ni kumsaidia mtu aone vilengeo vizuri bila kuchoka. Asiyevihitaji havihitaji. Alikuwa pia na vizibo vya masikio, ingawa picha nyingi zilizosambaa hazikuonyesha.

Ule mkono mfukoni nao si madaha. Bastola hupigwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukiachwa unaning'inia huyumbisha bega. Karibu walengaji wote wa bastola huuficha mfukoni au kuutia kwenye mkanda. Kim Yeji wa Korea Kusini, ambaye picha zake zilisambaa siku zile zile akiwa na vile vioo, naye alipata medali ya fedha katika bastola ya upepo ya wanawake. Wawili hawa waliwekwa kwenye picha kama wapinzani, mmoja wa vifaa na mwingine wa kipaji, wakati ukweli ni kwamba kifaa kilichoamua alama zao, yaani bastola yenyewe, kilikuwa cha daraja moja.

Ukitaka mfano wa ustadi usiotegemea chochote, mimi ningemtaja Károly Takács wa Hungaria. Mwaka 1938 guruneti liliuharibu mkono wake wa kulia, ambao ndio aliokuwa akilengea. Akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, na vita vilipokwisha alishinda dhahabu ya bastola ya kasi ya mita 25 katika Olimpiki ya London mwaka 1948, kisha akaitetea Helsinki mwaka 1952. Kilichopotea kilikuwa nyama na mifupa. Kuutambua wakati wa kuruhusu risasi itoke kulibaki salama kichwani. Hata hivyo, angalia kwamba naye hakushinda na bastola mbovu.

Mchangiaji wa pili

Naomba niseme kwa niaba ya sisi ambao kazi yetu ni kuzitengeneza bunduki, maana naona uzi unaelekea kutufanya wauza mapambo.

Mleta uzi amepima bunduki kana kwamba ni kitu kinachojitegemea: ibane kwenye jiliwa, isome dakika zake, maliza. Lakini bunduki haipigwi na jiliwa. Ipo bunduki ambayo kwenye jiliwa hutoboa tundu moja, lakini mtu fulani akiishika hawezi kupata chochote, kwa sababu kitako ni kirefu kwake, shavu halifiki panapotakiwa, na kila anapoinua kichwa kutafuta kilengeo shingo inakaza. Tena kuna kifyatulio. Bastola yenye uzito wa kilo 1 ikiwa na kifyatulio kinachodai nguvu ya kilo 3, maana yake unaisukuma kwa nguvu inayozidi uzito wake mara tatu, kisha unatakiwa isitikisike. Mpe mwanafunzi bastola ya upepo ya mashindano, ambayo kanuni huruhusu kifyatulio chake kishuke hadi gramu 500, na utaona "ustadi" wake umepanda siku hiyo hiyo. Ustadi haukupanda. Kizuizi ndicho kilichoondolewa.

Kwa hiyo ile hesabu ya makosa yasiyotegemeana ina tobo. Kifaa kibaya hakiongezi kosa lake peke yake, bali hulikuza na kosa la mtu.

Niongeze jambo la pili. Kama vifaa havina uzito, kwa nini kanuni za kimataifa zinavibana kiasi hiki? Koti la mlengaji wa bunduki hupimwa unene, na kitambaa hakiruhusiwi kuzidi milimita 2.5, hupimwa pia ugumu wake, kwa sababu koti gumu hubeba mgongo badala ya misuli. Bunduki ya upepo isizidi kilo 5.5, na bastola ya upepo isizidi kilo 1.5. Hakuna anayepoteza muda kuzuia kitu kisicho na faida.

Mleta uzi

Nakubali, na ninakubali bila shingo upande, kwamba hoja ya tobo ni ya kweli. Nilipoandika kwamba makosa hayategemeani nilikuwa nazungumzia mtutu na risasi, ambavyo havijui nani amevishika. Kitako, mpini na kifyatulio ni kitu kingine. Hivyo vinasimama katikati ya mtu na mtutu, na ningependa tuviite sehemu ya mlengaji kuliko sehemu ya bunduki. Nami nikipewa nafasi ya kumshauri mtu atumie fedha zake wapi kwanza, ningemwambia atafute kitako kinachomkaa na kifyatulio laini kabla ya kuutazama mtutu wa gharama.

Lakini umenifungulia mlango wa jambo ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote katika mjadala huu, nami nilikuwa sijaliweka wazi. Anayejifunza huambiwa kwamba chombo chochote kinamfaa, kwa kuwa kosa lake mwenyewe ni kubwa mno. Kwa hesabu ya alama, hilo ni sawa. Kwa hesabu ya kujifunza, si sawa hata kidogo. Mwanafunzi huhitaji kujua kila risasi ilikwenda wapi na kwa nini. Zoezi la zamani linalofaa sana ni la kuitaja risasi kabla ya kuitazama: unafyatua, unabaki umetulia, unasema "juu kulia kidogo" kutokana na ulivyoviona vilengeo wakati risasi inatoka, halafu ndipo unatazama karatasi. Bunduki ikiwa ya kuaminika, siku za mwanzo utakosea kutaja, kisha taratibu maneno na matundu yataanza kufanana, na hapo ndipo ustadi unapozaliwa. Bunduki ikiwa inarusha risasi ovyo, utafanya kila kitu sawasawa na tundu litokee pembeni, kisha ufanye ovyo na tundu litokee katikati. Chombo hicho kinampongeza anayekosea na kumwadhibu anayepatia. Baada ya mwezi mwanafunzi huacha kuamini macho yake, na kwa mtazamo wangu hasara hiyo ni kubwa kuliko alama zozote.

Kwa hiyo anayeanza hahitaji bunduki bora. Anahitaji bunduki isiyosema uongo, na nyingi za bei ya wastani hazisemi uongo katika mita 10 au 25.

Kuhusu kanuni, nina neno moja tu. Zimewekwa kwa ajili ya watu ambao makosa yao yameshakuwa madogo kiasi kwamba koti linaweza kuamua nani apande jukwaani. Mvalishe koti hilo mtu asiyejua kusimama na utampata mtu asiyejua kusimama aliyevaa koti.

Kuna mlengaji mmoja ambaye maisha yake ya mchezo ni kama jaribio lililofanywa mahsusi kwa ajili ya uzi huu. Matthew Emmons wa Marekani, miezi michache kabla ya Olimpiki ya Athens mwaka 2004, alikuta bunduki yake imeharibiwa makusudi. Akaazima bunduki ya mwenzake, na kwa bunduki hiyo ya kuazima akashinda dhahabu ya mita 50 kwa kulala. Siku chache baadaye, katika fainali ya mikao mitatu (kulala, kupiga magoti na kusimama), alikuwa anaongoza huku ikibaki risasi moja tu, na hiyo moja akaipiga kwenye shabaha ya njia ya jirani yake. Akapata sifuri, akaangukia nafasi ya 8, na dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa China. Mwaka 2008 mjini Beijing aliongoza tena hadi risasi ya mwisho ya fainali hiyo hiyo, na risasi ile ikamtoka kabla hajakaa sawa, akapata 4.4 na kumaliza wa 4. Bunduki ya kuazima haikumzuia kupata dhahabu. Bunduki isiyo na kasoro haikumwokoa mara mbili. Lakini tusisahau kwamba ile ya kuazima nayo ilikuwa ya mlengaji wa kiwango chake, na kwamba vifyatulio vya bunduki za namna hiyo, ambavyo huwekwa vyepesi sana ili visiusumbue mtutu, ndivyo vinavyoweza kumtoka mtu kabla hajakusudia.

Mchangiaji wa tatu

Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo, na ninaomba msaada wa vitendo. Natumia bunduki ya risasi ndogo ya milimita 5.6 katika mita 50, nikiwa nimesimama. Jana nilipiga risasi tatu na zote zikawa karibu karibu, nikafurahi. Leo nimepiga tatu zikatawanyika, nikahuzunika. Upepo nao ulikuwapo. Nitajuaje kama tatizo ni mimi, ni bunduki, au ni risasi zenyewe?

Mleta uzi

Kwanza acha kuamini risasi tatu. Bahati hutawala mno katika idadi ndogo. Kwa bunduki ile ile na mtu yule yule, mtawanyiko wa risasi kumi kwa wastani huwa zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa risasi tatu. Wengi wanaotangaza kwamba bunduki yao ni ya maajabu wametunza karatasi moja yenye matundu matatu na kuzitupa nyingine tisa.

Chagua asubuhi isiyo na upepo. Risasi ndogo husafiri polepole ikilinganishwa na za bunduki kubwa, na upepo wa ubavuni wa mita 4 kwa sekunde unatosha kuihamisha, katika mita 50, kwa zaidi ya upana wa duara zima la kumi, ambalo ni milimita 10.4. Kuusoma upepo ni ustadi usiouzwa dukani, lakini usiuingize katika kipimo hiki, utaurudia baadaye.

Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, mbele na nyuma, ukae vizuri, na upige makundi manne ya risasi kumi kumi. Pima kila kundi kutoka kitovu cha tundu moja la mbali hadi kitovu cha jingine, kisha uchukue wastani. Hiyo ndiyo bunduki pamoja na risasi, ikiwa na chembe ndogo ya wewe ndani yake. Halafu simama kama unavyosimama siku zote na upige makundi mengine manne ya kumi kumi. Usibadilishe chochote. Ukiweza, rudia makundi ya mifukoni kwa risasi za aina nyingine, kwa kuwa mitutu ya risasi ndogo ina uchaguzi wa ajabu. Aina inayong'ara katika mtutu mmoja hukataliwa na mwingine uliotoka kiwanda hicho hicho. Wanamichezo wakubwa hupeleka bunduki zao kwenye kituo cha majaribio, zikabanwa, zikapigiwa risasi za matoleo mbalimbali, na wakanunua toleo moja kwa wingi. Hawafanyi hivyo kwa ushirikina.

Mwishoni, mwombe mlengaji anayekuzidi apige kundi moja kwa bunduki yako akiwa amesimama. Dakika kumi za mtu huyo zitakwambia mengi kuliko mwaka mzima wa kusoma maoni yetu humu.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono, na ninaongeza tahadhari moja. Kabla ya kupima, kaza skrubu za kitako na za kilengeo. Nimeshaletewa bunduki nyingi zilizohukumiwa kwamba mtutu umekwisha, kumbe skrubu moja ilikuwa imelegea robo mzunguko. Na mazoezi ya kufyatua bila risasi, ambayo ndiyo dawa ya mtu anayejikunja kama mleta uzi alivyokuwa, katika baadhi ya bunduki za risasi ndogo yafanywe kwa ganda tupu au kifaa maalumu cha kuzuia, maana pini inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Kabla ya hapo hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba hakuna risasi ndani, hata kama umeshahakikisha mara moja.

Mchangiaji wa tatu

Nimerudi na majibu. Kwenye mifuko ya mchanga, wastani wa makundi yangu ni milimita 22. Nikisimama, wastani ni milimita 95. Nilijaribu pia risasi za aina ya pili, za bei ya juu zaidi, na kwenye mifuko zilinipa milimita 15. Mlengaji mzoefu wa klabu yetu alipiga kundi moja kwa bunduki yangu akiwa amesimama, kwa zile risasi za kwanza, akapata milimita 41. Nilitaka kununua darubini mpya na mtutu mzito. Ninunue?

Mleta uzi

Tuzifanyie kazi namba zako. 95 mara 95 ni 9,025. Ondoa 22 mara 22, ambayo ni 484, inabaki 8,541, na kipeuo chake cha pili ni takribani 92. Hicho ndicho kiasi chako mwenyewe. Hata ungepewa bunduki isiyokosea kabisa, ambayo haijawahi kutengenezwa, ungepiga makundi ya milimita 92 badala ya 95.

Risasi za bei ya juu, zinazotoa 15 kwenye mifuko, zingekupa takribani 94 ukiwa umesimama. Ni milimita moja tu. Lakini kwa yule mzoefu wenu hali ni tofauti: kwa 41 yake, ukiondoa 22 ya bunduki, kosa lake mwenyewe ni kama 35, na kwa risasi za 15 angeshuka hadi 38. Milimita hizo tatu, kwa mtu wa kiwango chake, zinaweza kuwa nafasi moja au mbili katika mashindano ya klabu. Yeye azinunue. Wewe nunua zile za bei nafuu, na uchukue nyingi.

Ukijitahidi kwa miezi michache, ukapunguza kosa lako kwa robo tu, kutoka 92 hadi 69, makundi yako yatakuwa kama milimita 73 kwa bunduki hiyo hiyo na risasi hizo hizo. Usiiguse darubini. Mtutu mzito huenda ukakusaidia kidogo, kwa kuwa uzito hupunguza kasi ya kuyumba, lakini kwanza mwombe mchangiaji wa pili akuelekeze namna ya kupima kama kitako kinakukaa begani; umeandika kwamba unasimama, ila hukusema shavu lako hugusa wapi.

Mchangiaji wa tatu

Shavu haligusi kitako, mkuu. Nainua kichwa kidogo ili nione vizuri ndani ya darubini.

Mchangiaji wa pili

Basi tumeshapata pa kuanzia. Tafuta kipande cha sponji ngumu na mkanda wa kunatisha, kifunge juu ya kitako, kisha fumba macho, ipandishe bunduki begani na ulaze shavu kama unayelala. Fumbua macho. Ukiona giza kwenye ukingo wa juu au wa chini wa darubini, ongeza au punguza sponji hadi duara lote liwe na mwanga sawasawa bila kusogeza shingo. Ukimaliza, rudia makundi yako manne ya kusimama na utuletee namba.